Mpira wa Nani Utachezwa?

Tarehe 30 Julai 1930, mjini Montevideo, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikaribia kuanza huku timu mbili zikibishana jambo ambalo kila mtoto wa mtaani analijua: tunachezea mpira wa nani? Uruguay walitaka wao, Argentina wakataka wao. Ikaamuliwa kila mpira upewe kipindi chake. Kipindi cha kwanza ukachezwa mpira wa Argentina, nao wakaenda mapumziko wakiongoza 2–1. Kipindi cha pili ukaingia mpira wa Uruguay, na mchezo ukaisha 4–2, wenyeji wakawa mabingwa. Hakuna awezaye kuapa kwamba mpira ndio uliogeuza matokeo, wala hakuna awezaye kuapa kwamba haukuyagusa. Shaka ikishaingia kwenye kifaa, haitoki tena.

Shaka hiyo ndiyo inayovunja mashindano yetu ya kata, ya shule na ya mitaa. Kwa sababu hiyo nimeketisha hapa sauti tatu ambazo yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya mashindano atazitambua. MWEKA HAZINA ni kijana mwenye daftari la michango. MWAMUZI ni mzee aliyestaafu kupuliza kipenga. MWALIMU ni mama anayefundisha michezo katika shule ya msingi, na ndiye kocha wa timu ya netiboli ya kata. Timu za soka ni 16, uwanja ni wa changarawe, na hoja iliyo mezani ni hii: kamati inunue mipira michache ya bei kubwa, au mingi ya bei nafuu?

MWEKA HAZINA: Shikamoo mzee. Mwalimu, habari za kazi. Naomba nianze mimi, maana daftari niko nalo mimi. Fedha hizi hazikushuka kutoka juu. Zimo za mama ntilie, zimo za bodaboda, zimo za mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nimeleta ankara kifani mbili. Duka la kwanza litatupa mipira minne yenye muhuri wa FIFA. Duka la pili, kwa fedha ileile, litatupa mipira kumi na mitano. Mashindano ni ya watu wengi, na watu wengi wanahitaji mipira mingi. Mimi naipigia kura ankara ya pili.

MWAMUZI: Marahaba mwanangu. Umeilinda fedha ya watu, na hilo nakupongeza kabla sijakupinga. Nikupe kisa kimoja tu. Nusu fainali niliyoichezesha miaka mingi iliyopita, mpira ulipasuka dakika ya sabini. Kamati haikuwa na mwingine. Wenyeji wakakimbilia kwenye begi lao, wakaleta wa kwao, laini kama papai. Wageni wakakataa kuugusa. Wenyeji wakasema mbona mpira ni mpira tu. Mashabiki wakaingia uwanjani, na mchezo haukuisha. Wiki tatu za vumbi na nauli zilifia pale. Akiba ya kifaa kibovu hulipwa siku ya fainali, mbele ya umati.

MWEKA HAZINA: Mzee wangu, kisa chako kinanitetea mimi! Wangekuwa na mipira kumi na mitano, mmoja ukipasuka unaingia mwingine. Kamati yenye mipira minne ndiyo itakayokwama. Mmoja utachomwa na mwiba, mmoja utaangukia uwanja wa jirani usirudi, na siku ya fainali tunabaki na miwili, tunaicheza huku tukiiombea dua.

MWAMUZI: Hapo umesema kweli: mpira wa akiba ni lazima. Lakini lazima uwe pacha wa ule uliopasuka. Sheria ya pili ya soka imeweka mipaka. Mzingo wa mpira uwe sentimita 68 hadi 70. Uzito mchezo unapoanza uwe gramu 410 hadi 450. Upepo uwe kati ya 0.6 na 1.1 ya atmosfia kwa kipimo cha usawa wa bahari. Nimewahi kupokea mipira ya bei ya kutupa iliyotoka katika furushi moja, nikaipeleka dukani kwenye mzani wa sukari. Mmoja ulikuwa mwepesi kama wa plastiki, wa pili ulivuka mpaka wa juu, na wa tatu, baada ya mazoezi ya asubuhi moja, ulikuwa na umbo la yai. Ukibadilisha mpira katikati ya mchezo ukaleta wa aina nyingine, umewabadilishia vijana mchezo.

MWEKA HAZINA: Na huo muhuri wa gharama, mzee, nani anatuhakikishia kuwa ni wa kweli? Anayeweza kuchapa nembo kwenye jezi anaweza kuchapa muhuri kwenye mpira. Bei kubwa nayo si ushahidi. Kuna wafanyabiashara wanaopandisha bei ili bidhaa ionekane bora.

MWALIMU: Naomba niingie, maana mnavutana kwenye bei, na bei haijawahi kucheza mpira. Tuulize huo muhuri unamaanisha nini. FIFA ilianza utaratibu wa kupima mipira mwaka 1996. Leo kuna ngazi tatu: Quality Pro ya juu, Quality ya kati, na Basic. Maabara hupima mzingo, uzito na kama mpira ni mviringo kweli. Huudondosha kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma kuona unadunda kiasi gani, na hutazama umepoteza upepo kiasi gani kwa siku tatu. Mpira wa ngazi ya juu huzungushwa na kukandamizwa majini kuona umekunywa maji kiasi gani, kisha hurushwa mara 2,000 kwenye bamba la chuma kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ndipo hupimwa tena kuona kama umbo limebaki lilelile. Anayelipia muhuri wa kweli analipia kazi hiyo.

MWEKA HAZINA: Lakini Mwalimu, bamba la chuma halina miiba.

MWALIMU: Halina, na hapo niko upande wako. Mpira wa daraja la juu mara nyingi vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi na moto, bila uzi. Kwenye nyasi nzuri unateleza kama ndege. Kwenye changarawe ngozi yake nyembamba inachunika, na kipande kikifunguka fundi viatu hana pa kupitisha sindano. Mpira ulioshonwa kwa mkono, wenye gamba nene, fundi wa kibarazani anaufumua, anabadilisha puto la ndani na kuushona tena. Nairobi wapo Alive and Kicking, walioanza mwaka 2004, wanaoshona mipira ya ngozi wakifikiria viwanja vigumu kama wetu. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa: tutachezea wapi? Uwanja ndio mnunuzi wa kweli. Kamati inamshikia pochi tu.

MWAMUZI: Nakubali. Nimekuwa nikiutetea muhuri kama vile una miguu. Lakini bila muhuri, tutajuaje?

MWALIMU: Tupime wenyewe. Kabla ya kulipa, tuombe sampuli mbili za kila aina ya mpira tunayoifikiria. Futi ya fundi cherehani inapima mzingo: izungushe sehemu tatu tofauti, na namba zikipishana sana mpira huo si mviringo. Mzani wa duka unapima gramu. Chora alama ukutani, dondosha mpira kutoka mita 2 kwenye sakafu ya sementi, tazama unarudi hadi wapi. Sementi si bamba la maabara, lakini mipira miwili inayojiita pacha inapaswa kurudi karibu mahali pamoja. Ujaze upepo, uandike geji inasoma nini, uulaze siku tatu, kisha usome tena. Uzamishe kwenye ndoo ya maji uone kama unatoa povu kwenye tundu la upepo. Halafu wape vijana wauchezee wiki nzima palepale kwenye changarawe, ndipo uupime upya. Muuzaji anayekataa sampuli kupimwa amekwisha kutujibu.

MWEKA HAZINA: Hilo halina gharama, nimelipenda. Sasa nami nitumie futi yenu kuokoa fedha. Mwalimu, mpira wa netiboli mzingo wake ni sentimita 69 hadi 71, uzito gramu 400 hadi 450. Wa soka ni 68 hadi 70, gramu 410 hadi 450. Kwa vipimo vyenu wenyewe, mpira wenye mzingo wa sentimita 70 na gramu 430 unafaa kote kuwili. Kwa nini tununue aina mbili?

MWALIMU: Kwa sababu futi haina viganja, mdogo wangu. Binti wa netiboli anaudaka mpira hewani na lazima autoe mikononi ndani ya sekunde tatu. Kiganja kimejaa jasho na vumbi. Mpira wa netiboli una gamba lenye vinundu vya kushikia. Wa soka umetengenezwa uteleze vizuri kwenye mguu. Niliwahi kuletewa ya soka kwa hoja hiihii yako. Mabinti walidondosha mpira mchezo mzima, na watazamaji wakaondoka wakisema wasichana hawajui kucheza. Aibu ya kifaa ikavaliwa na watoto. Kipimo kinakataa kifaa kibaya, ila hakitoshi kuchagua kizuri. Mwenye kukitumia lazima aulizwe. Na pete je? Ipimeni pia: kipenyo cha ndani milimita 380, urefu kutoka ardhini mita 3.05. Pete iliyopinda upande mmoja inamnyima mfungaji wa upande huo magoli yote ya mchana.

MWAMUZI: Tumebishana mpira saa nzima, na hakuna aliyetaja kitu kikubwa kuliko vyote uwanjani. Tuna magoli?

MWEKA HAZINA: Magoli si tatizo, mzee. Fundi wa kuchomelea atatutengenezea ya bomba, ya kuhamishika. Jumamosi kuna gulio uwanjani, yatatolewa, na Jumapili yatarudishwa. Nimeyawekea fedha kidogo tu.

MWAMUZI: Mwanangu, hapo usiweke kidogo. Mpira mbovu unaharibu mchezo. Goli bovu linazika mtoto. Goli la kuhamishika uzito wake umekaa mbele, kwenye nguzo na mtambaa panya. Mtoto mmoja akirukia na kuning'inia, linapinduka, na lile bomba linamshukia kifuani au kichwani. Marekani, chombo cha serikali kinachosimamia usalama wa bidhaa kimeorodhesha vifo vya watoto vya namna hii na kutoa maonyo. Sheria ya kwanza ya soka inasema goli lifungwe ardhini imara, na la kuhamishika litumike tu likitimiza sharti hilo. Wengi wetu tunaikumbuka sheria hiyo kwa ajili ya upana na urefu, mita 7.32 kwa 2.44. Sharti la kulifunga tunaliacha.

MWALIMU: Na mara nyingi ajali haingoji mchezo. Huja saa nane mchana, watoto wametoka shule, hakuna mwamuzi wala kamati.

MWAMUZI: Ndiyo maana fundi apewe maelekezo kwa maandishi. Nguzo na mtambaa panya zisizidi unene wa sentimita 12, zilingane. Awe na vigingi virefu vya kuchimbia nyuma, pande zote mbili, na uzito wa kulalia bomba la nyuma. Ndoano za chuma za kushikia nyavu zisiwepo, zinachana vidole vya makipa. Atumie kamba au klipu za plastiki. Kujua kama goli limekaa sawa, achukue kamba apime kutoka kona ya chini kulia hadi kona ya juu kushoto, kisha upande wa pili. Zote mbili zitoke mita 7.72. Zikipishana, goli limelala upande. Na likitolewa kupisha gulio, lilazwe kifudifudi na kufungwa mnyororo, mtu asilichezee.

MWEKA HAZINA: Nimekuelewa, mzee. Basi ninaona daftari langu limepangwa kichwa chini. Ukurasa wa kwanza ni kikombe, wa pili fulana za kamati, wa tatu maturubai ya meza kuu. Magoli yako ukurasa wa mwisho.

MWALIMU: Ligeuze tu. Kwanza kile kinachoweza kuumiza: magoli, nguzo za netiboli, sanduku la huduma ya kwanza. Pili kile kinachoamua matokeo: mipira, pete, mistari, saa ya mwamuzi. Mwisho kile kinachopendeza. Kikombe kidogo hakijawahi kumvunja mtu mguu.

MWAMUZI: Niongeze jambo, tusije tukadhani kununua ndiyo mwisho wa kazi. Mwaka 2000, Michezo ya Olimpiki ya Sydney, fainali ya jimnastiki ya wanawake. Pale hapakukosekana fedha wala wataalamu. Kifaa cha kurukia kiitwacho farasi kilipaswa kuwa sentimita 125 kwenda juu. Kikawekwa 120. Mabinti bora duniani wakawa wanarukia kitu ambacho hakipo pale miili yao ilipozoea kukikuta, wengine wakaanguka. Aliyegundua ni mmoja wa wanamichezo, Allana Slater wa Australia. Wakarekebisha, wakatoa nafasi ya kurudia, lakini kwa wengine moyo ulikuwa umekwisha kuvunjika. Sentimita tano! Kifaa kilikuwa bora, ila siku hiyo hakuna aliyekipima kabla yao.

MWEKA HAZINA: Kwa hiyo mnataka tupime wakati wa kununua, tupime na siku ya mchezo?

MWAMUZI: Kila mchezo. Upepo hubadilika hata mpira ukiwa kabatini. Ujaze mpira asubuhi kwenye nyuzi joto 20 ukisoma 0.8, uuache juani ufike 40, geji itasoma karibu 0.92. Mpira uliojazwa Dar es Salaam kwa 0.8 ukipanda nao Iringa, hewa ya nje kule ni nyepesi, nao unakaribia 1.0 bila kuguswa na pampu. Bado uko ndani ya sheria, lakini si mpira uleule. Kwa hiyo mipira ikae kivulini, mtu mmoja awe na ufunguo, na geji iwe kando ya pampu.

MWEKA HAZINA: Nimekubali mengi, sasa nikubalieni moja, maana hili linaniuma. Timu zetu nyingi zinafanya mazoezi kwa mpira wa raba, na wadogo zao wanacheza chandimu ya matambara na kamba. Timu mbili tatu zenye mfadhili ndizo zinazomiliki mpira wa maana. Siku ya ufunguzi tukileta mpira mpya, mzuri, uliopimwa, tutakuwa tumempa nani nafasi? Yule aliyeuzoea. Mpira wa haki kwenye mzani unaweza kuwa wa dhuluma mguuni.

MWALIMU: Hoja hiyo ni kubwa. Mwaka 2010 Afrika Kusini, mpira wa Jabulani ulikuwa umepita vipimo vyote, na bado makipa wakubwa walilalamika kwamba unayumba hewani.

MWAMUZI: Basi timu zote ziuzoee kabla. Tuwape kila timu mpira wa aina ileile ya mashindano, wiki mbili kabla ya ufunguzi.

MWEKA HAZINA: Timu 16, mzee. Hiyo ni mipira 16, bado hujaongeza ya michezo yenyewe na ya akiba. Minne yako yenye muhuri wa juu haifiki hata robo.

MWAMUZI: Haifiki. Nimejifunga mwenyewe. Niliutaka mpira bora kuliko wote, kumbe haki inataka mpira mzuri unaotosha wote. Naondoa kura yangu kwenye ankara ya kwanza.

MWEKA HAZINA: Nami naiondoa kwenye ya pili, maana ile kumi na mitano ni mchanganyiko, hakuna anayejua pacha wa nani ni yupi. Tutafute ankara ya tatu: aina moja, iliyoshonwa, iliyopita futi na mzani wetu, kwa idadi ya kila timu na ziada. Pengo la fedha nitalitoa kwenye fulana za kamati na maturubai. Wageni wa heshima watakaa chini ya mwembe.

MWALIMU: Na ukizungumza na muuzaji, muulize na swali hili: nani ameushona? Mji wa Sialkot, Pakistani, ndio umeshona sehemu kubwa ya mipira ya kushonwa kwa mkono duniani, na mwaka 1997 watengenezaji walitia saini makubaliano pamoja na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya kuwaondoa watoto kwenye kazi hiyo. Yalihitajika makubaliano kwa sababu watoto walikuwamo. Siwezi kumpa mwanafunzi wangu furaha iliyoshonwa na mtoto wa rika lake aliyenyimwa shule. Muuzaji asiyejua bidhaa yake imetoka wapi, hata waranti yake siitegemei.

Hapo nikafunga mjadala, nikaandika maazimio. Nayaeleza kama ninavyoyaamini mimi mwenyewe, maana nilikaa pale nikiwa na kalamu tu na nikaondoka nikiwa na msimamo.

Kifaa cha kutegemewa ni kile kinachokubali kupimwa mbele ya wote watakaohukumiwa nacho. Bei haituhakikishii hilo, na nembo haituhakikishii peke yake. Kinalingana na uwanja wake, kinamfaa mkono au mguu utakaokitumia, kina pacha wa akiba, na timu zote zimekizoea sawa. Fedha ya kwanza iende kwenye kinachoweza kuua, ya pili kwenye kinachoamua, na kinachopendeza kisubiri zamu yake. Vijana wetu hutembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali kuja kushindana. Tunachodaiwa sisi tunaokaa kwenye kamati ni kidogo mno: kijana akishindwa, ajue ameshindwa na mwenzake.

Azimio la mwisho alilisoma Mweka Hazina mwenyewe. Kando ya mstari wa kati, kila siku ya mchezo, kutakuwa na meza ya shule. Juu yake kutawekwa futi ya fundi cherehani, geji ya upepo, na mzani utakaoazimwa dukani. Nusu saa kabla ya kipenga, manahodha wawili wataitwa. Watauzungushia mpira futi, watauweka kwenye mzani, na kila mmoja atamsomea mwenzake namba kwa sauti.